Maswali na Majibu: Asidi ya Laktiki, Kutoka Tangi la Sukari Hadi Pipa

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kutengeneza asidi ya laktiki kwa bakteria, kwa kiwango cha kiwanda. Tumezifupisha bila kugusa maana. Neno moja la matumizi kabla hatujaanza: "mchuzi" humu ni kila kilichomo tangini wakati wa kuchachuka, yaani maji, sukari, virutubisho, bakteria na asidi yenyewe.

Swali: Ndugu wahariri, kwa nini viwanda vihangaike na bakteria ilhali asidi hii inaweza kutengenezwa kwa kemikali tupu? (Mwanafunzi wa kemia)

Jibu: Kinachoamua ni umbo la molekuli. Asidi ya laktiki ina sura mbili, L na D, zinazofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto: sehemu ni zilezile, lakini ukiziweka moja juu ya nyingine hazilingani. Njia ya kemikali, inayoanzia kwenye asetaldehaidi na sianidi ya haidrojeni, hutoa sura zote mbili nusu kwa nusu. Bakteria aliyechaguliwa vizuri hutoa sura moja.

Kwa kuondoa chokaa kwenye ngozi za kutengenezea viatu, au kusafisha ukoko kwenye mabomba, mchanganyiko hauna ubaya wowote. Kwa plastiki inayotokana na asidi hii, yaani polilaktidi, mambo ni mengine. Wanunuzi wa asidi ya plastiki hutaka L kwa usafi wa 99% au zaidi, maana D kidogo ikijipenyeza kwenye mnyororo, fuwele hazijipangi vizuri na plastiki huyeyuka kwa joto la chini kuliko lililotarajiwa.

Njia ya bakteria ina umri mkubwa. Carl Wilhelm Scheele aliitoa asidi hii kwenye maziwa machachu mwaka 1780. Louis Pasteur akaonyesha mwaka 1857 kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Kufikia mwaka 1881 ilikuwa inatengenezwa kibiashara kwa uchachushaji huko Massachusetts, Marekani. Hesabu yake kwenye karatasi inapendeza: gramu 180 za glukosi hutoa gramu 180 za asidi, bila kitu kupotea. Tangini utapata 90 hadi 95 kwa kila 100, kwa sababu bakteria nao wanakula na kujenga miili yao.

Swali: Nina tangi la lita 1,000 na nataka kuanza. Je, naweza kutumia maziwa mgando kama mbegu? (Mjasiriamali)

Jibu: Hapana, ndugu yetu. Maziwa mgando ni kijiji kizima cha bakteria na hamira, kila mmoja na tabia yake. Wamo wanaoibadili karibu sukari yote kuwa asidi ya laktiki, na wamo wanaotoa nusu tu, nusu nyingine ikienda kwenye hewa ukaa na ama pombe ama asidi ya siki. Hao wa pili wakishika tangi, umepoteza nusu ya sukari, na siki iliyoingia itakusumbua hadi mwisho wa usafishaji. Isitoshe, kijiji hicho hubadilika kila ukichota, kwa hiyo kundi la wiki hii halitafanana na la wiki ijayo.

Nunua aina moja iliyotambuliwa, kutoka kwenye hifadhi ya vimelea inayotoa hati. Kwa asidi ya L, *Lacticaseibacillus rhamnosus* hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 37 hadi 42. *Heyndrickxia coagulans*, ambayo vitabu vya zamani huiita *Bacillus coagulans*, hutoa L kwenye nyuzijoto 50 hadi 55. Sisi tunaipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu joto hilo peke yake linazuia wavamizi wengi, na hata usafi wa tangi ukipungua kidogo kundi halipotei. Ukitaka D, tafuta *Lactobacillus delbrueckii*, nyuzijoto 42 hadi 45. Kaa mbali na *Lactobacillus helveticus* na *Lactiplantibacillus plantarum* ikiwa mnunuzi anauliza sura ya molekuli, maana hao hutoa zote mbili.

Mbegu hukuzwa kwa ngazi. Kichupa kimoja kilichogandishwa kinaingia kwenye mililita 10 hivi za chakula tasa, hizo zinaingia kwenye mililita 200, hizo kwenye lita 4, hizo kwenye lita 50 hadi 80, na hizo ndizo zinazoingia tangini. Kanuni ni asilimia 5 hadi 10 ya ujazo katika kila ngazi. Hamisha bakteria wakiwa bado kwenye mbio za kuongezeka, kwa kawaida saa 12 hadi 18. Ukiwaacha walale njaa kwenye asidi yao wenyewe, tangi kubwa litachelewa kuamka kwa saa nyingi, na saa hizo ndizo mvamizi anazozingoja. Vichupa vya akiba hutunzwa kwenye gliseroli ya 15 hadi 20%, nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na kila kundi huanza kwenye kichupa kipya. Usitoe mbegu kwenye mchuzi wa kundi lililopita ukaendelea hivyo mwezi mzima: virusi vya bakteria hujilimbikiza humo, na siku moja uchachushaji unasimama palepale ulipo, pH (kipimo cha uasidi, kinachoshuka asidi ikizidi) haisogei, bila dalili yoyote ya awali.

Swali: Sukari ipi? Na virutubisho gani vya lazima? (Huyohuyo)

Jibu: Bakteria hawa ni wavivu wa kujipikia. Hawawezi kutengeneza vitamini za kundi B wala amino asidi nyingi, kwa hiyo sukari tupu haitoshi hata kidogo. Kwa lita 1,000, kianzio kizuri ni hiki: glukosi kilo 100, kiini cha hamira kilo 5 hadi 10, magnesiamu salfeti gramu 200, manganizi salfeti gramu 50, na potasiamu fosfeti kilo 1 hadi 2. Usiidharau manganizi kwa udogo wake; bakteria wa laktiki huihitaji kuliko viumbe wengi wengine.

Kiini cha hamira ni ghali, na katika hesabu ya kiwanda mara nyingi ndicho kinachokula faida baada ya sukari. Maji ya kulowekea mahindi kutoka viwanda vya wanga yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa yake. Punguza kidogokidogo, kundi baada ya kundi, ukiangalia muda wa kumaliza sukari. Ukiona saa zimeongezeka, umepita mpaka.

Wanga wa aina yoyote unafaa ukivunjwa kwanza. Kimeng'enya cha alfa-amilesi huulainisha kwenye nyuzijoto 90 hadi 105 na pH kama 5.5 hadi 6, kisha glukoamilesi huumalizia kwenye nyuzijoto 60 na pH 4.5 kwa siku moja hadi mbili. Kilo moja ya wanga mkavu hutoa kilo 1.11 za glukosi, kwa sababu maji huingia kwenye molekuli wakati wa kuvunjika. Molasi ina sukari karibu nusu ya uzito wake, lakini huja na rangi, chumvi na madini, na kila uchafu unaouingiza mlangoni utaulipia kwenye kuchuja. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yana laktosi ya 4.5 hadi 5%, kwa hiyo mchuzi wake huwa mwepesi na gharama ya kuuvukiza ni kubwa. Hakikisha pia kwamba bakteria wako wanaila laktosi, maana si wote.

Jambo moja la kushika: pasha sukari na kiini cha hamira katika vyombo tofauti. Vikichemshwa pamoja kwenye nyuzijoto 121 hushikana na kuwa kahawia, virutubisho hupungua, na rangi hiyo utaikuta tena kwenye pipa.

Swali: Mchuzi wangu ulianza vizuri, kisha ukasimama saa ya 14. pH ni 4.1 na bado kuna gramu 70 za sukari kwa lita. Je, bakteria wamekufa? (Fundi wa maabara)

Jibu: Wengi bado wako hai, ila wamelemewa na asidi yao wenyewe. Hapa ndipo kazi nzima ilipo, kwa hiyo vumilia tueleze.

Asidi ya laktiki huwa katika hali mbili majini. Ikiwa imeachia haidrojeni yake, ina chaji na haipenyi ukuta wa bakteria kwa urahisi. Ikiwa bado nzima, haina chaji, inapenya, na ikifika ndani huachia haidrojeni hiyo humohumo. Bakteria analazimika kutumia nguvu zake kuitupa nje, na mwisho hana nguvu ya kufanya kingine. Mgawanyo wa hali hizi unategemea pH. Kwenye pH 3.86 nusu ya asidi ni nzima. Kwenye pH 4 ni asilimia 42. Kwenye pH 5 ni kama 7, na kwenye pH 6 haifiki hata 1. Ndiyo maana mchuzi wako ulisimama pale uliposimama, na ndiyo maana viwanda hushika pH kati ya 5.5 na 6.5.

Kwa kundi hili, rudisha pH hadi 6 polepole, ongeza mbegu changa ya asilimia 5 na kiini cha hamira kidogo, kisha subiri. Kama saa sita zimepita bila kuhitaji chokaa zaidi, usipoteze muda nalo.

Kwa makundi yajayo una njia tatu za kutuliza asidi. Ya kwanza ni unga wa mawe ya chokaa, kalsiamu kabonati: kilo 0.56 kwa kila kilo ya asidi. Kwa kilo 90 za asidi utahitaji kilo 50. Uzuri wake ni kwamba hauyeyuki majini mpaka asidi iuyeyushe, kwa hiyo unaweza kuutia wote mwanzoni na hautapandisha pH kupita kiasi. Ubaya wake ni hewa ukaa. Kilo hizo 50 hutoa kilo 22 za hewa hiyo, karibu mita za ujazo 13 kutoka kwenye tangi la mita moja ya ujazo. Acha angalau robo ya tangi wazi kwa ajili ya povu, na usiongeze mawe kwa ndoo nzima kwenye mchuzi ulioshuka hadi pH 4, la sivyo utaokota mchuzi sakafuni. Ukubwa wa chembe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: chembe kubwa huzama chini, asidi inazivika utando, na juu ya tangi pH inashuka huku chini kukiwa na chokaa tele. Saga iwe laini kama unga wa ngano, na kikorogeo kiwe na nguvu ya kuinyanyua kutoka kitako cha tangi. Kuhusu kukoroga, lengo ni kuchanganya tu: usiingize hewa, kwa sababu oksijeni huwageuza baadhi ya bakteria hawa watoe siki.

Njia ya pili ni chokaa iliyozimwa, kilo 0.41 kwa kilo ya asidi. Haina povu, lakini ni kali, kwa hiyo hutiwa kama uji mwembamba kwa pampu inayoendeshwa na kipimo cha pH. Ikimwagika nyingi mahali pamoja huua bakteria wa eneo hilo. Ya tatu ni soda kali, kilo 0.44 kwa kilo ya asidi, safi na rahisi kuipima, lakini sodiamu laktati inayotoka haiwezi kutengwa kwa jasi (kalsiamu salfeti), jambo tutakaloligusa mbele.

Usifuate pH tu. Fuata pia asidi iliyokwisha kutengenezwa. Titresheni ya kawaida kwa soda, yaani kudondosha soda ya nguvu inayojulikana mpaka asidi iishe, haikuonyeshi, maana asidi yako tayari imetulizwa na chokaa. Pima kalsiamu badala yake. Chota mililita 10 za mchuzi wa moto, chuja chembe zote za mawe zitoke, ongeza maji hadi lita 1, kisha chukua mililita 20 za maji hayo, pandisha pH hadi 12 na upime kwa EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu, ya 0.01 M (moli kwa lita). Kila mililita ya EDTA ni gramu 9 za asidi kwa lita ya mchuzi wa asili. Ikitumika mililita 10, tangini kuna gramu 90 kwa lita. Fanya kipimo kilekile kwa mchuzi wa saa sifuri na ukitoe kwenye jibu lako, kwa sababu maji na molasi huja na kalsiamu yao. Chembe moja ya mawe ikipita kwenye chujio itakudanganya kabisa, kwa hiyo chuja mara mbili.

Swali: Tulimaliza kundi jioni, tukazima joto, asubuhi tukakuta tangi limekuwa kama uji mzito na pampu haivuti. Tumekosea wapi? (Msimamizi wa zamu)

Jibu: Mlizima joto. Kalsiamu laktati kwenye nyuzijoto 20 huyeyuka kama gramu 60 tu kwa lita, na nyinyi mlikuwa na zaidi ya 100. Ziada yake hutoka kama sindano nyembamba nyeupe, kila molekuli ikibeba maji matano ndani ya fuwele, na sindano hizo zikisukana hushika maji yaliyobaki kama sifongo. Ukichota kijiko ukakitazama kwenye mwanga utaziona zinang'aa, laini kama nywele, na ukizifinya vidoleni maji yanatoka.

Hamjapoteza kitu. Ongezeni maji ya moto, pasheni hadi nyuzijoto 80 huku mkikoroga taratibu, na uji utayeyuka. Msilazimishe kikorogeo kuzunguka kabla haujalainika, mtavunja mhimili. Mabomba yote yanayobeba mchuzi huo yafungwe blanketi la kuzuia joto, na yasuuzwe kwa maji ya moto kila pampu inaposimama. Sukari ya kuanzia pia iwe na kiasi: ukipita gramu 120 kwa lita ukiwa unatumia chokaa, fuwele zinaweza kuanza kutoka uchachushaji ukiwa bado unaendelea, nazo hufunika mawe na vipimo vya pH.

Swali: Kundi la tatu mfululizo linanuka kama siagi iliyooza na tangi linatoa hewa hata chokaa inapokuwa imeisha. (Fundi wa uchachushaji)

Jibu: Hao ni *Clostridium*, na wanakula asidi yako: huchukua laktati na kuigeuza asidi ya butiriki, hewa ukaa na haidrojeni. Spora zao, yaani mbegu ngumu za kujihifadhi, zinavumilia kuchemshwa kwa nyuzijoto 100, kwa hiyo kumwaga maji ya moto hakutoshi. Tafuta mahali ambapo mchuzi hulala: vali, viungo vya bomba visivyopitiwa, chini ya mpira wa kuzibia. Safisha kwa soda kali ya moto ya 1 hadi 2% kwenye nyuzijoto 75 hadi 80 kwa nusu saa, suuza, kisha pitisha mvuke wa nyuzijoto 121 hadi kona ya mbali zaidi ibaki kwenye joto hilo dakika 20 au 30. Pasheni na unga wa mawe ya chokaa pia, maana huchimbwa ardhini na spora hizi zinaishi udongoni. Hiki ndicho chanzo tunachoona watu wakikisahau mara nyingi. Halafu usiache mchuzi uliokamilika umesimama tangini: sukari ikiisha, anza kusafisha saa ileile. Na kwa sababu haidrojeni inalipuka, pasiwe na moto wala uchomeleaji karibu na tangi lenye dalili hizo.

Swali: Naomba hatua za kusafisha, kuanzia mchuzi hadi asidi ya 80%. (Wasomaji kadhaa)

Jibu: Kuchachusha ni sehemu rahisi. Ubora wa asidi, na sehemu kubwa ya gharama yake, huamuliwa hapa. Tuchukue mchuzi ule wa lita 1,000 wenye kilo 90 za asidi.

Kabla ya yote, hakikisha sukari iliyobaki iko chini ya gramu 1 kwa lita. Sukari haiondoki kwa kuchuja wala kwa resini (chembe zinazoshika chumvi zilizoyeyuka). Itafuatana na asidi hadi kwenye kivukizi na kuungua kahawia. Saa tatu za kusubiri bakteria wamalize ni rahisi kuliko mkaa wote utakaoumwaga baadaye.

Pasha mchuzi hadi nyuzijoto 80 au 90 na pandisha pH hadi 10 au 11 kwa chokaa iliyozimwa. Bakteria hufa, protini hugandana, na laktati yote inabaki imeyeyuka. Chuja ungali wa moto. Kinachotoka kinafaa kuwa maji angavu ya rangi ya chai nyepesi. Kikiwa na ukungu, rudisha.

Sasa asidi ya sulfuriki, inayoichukua kalsiamu na kuigeuza jasi, ikiiacha asidi ya laktiki huru. Kilo 90 za asidi ya laktiki zinahitaji kilo 49 za asidi ya sulfuriki halisi, yaani kilo 50 za ile ya 98%, pamoja na ziada kidogo kwa chokaa uliyoongeza kwenye kuchuja. Iyeyushe kwanza hadi 60 au 70%, ukitia asidi kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi, ndani ya chombo kinachopoozwa. Iingize kwenye laktati yenye nyuzijoto 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili, ukikoroga. Haraka ya hapa inaadhibiwa: asidi ikiingia kwa kishindo, jasi hutoka kama vumbi laini linaloziba vitambaa vya chujio, na keki yake hubaki na asidi yako ndani. Ikiingia polepole, fuwele hukua, hukauka vizuri na huosheka.

Simama pH inapofika karibu 2, acha itulie nusu saa, kisha pima sampuli mbili zilizochujwa. Katika ya kwanza dondosha amonia oksaleti: weupe mzito maana yake kalsiamu bado nyingi, ongeza asidi. Katika ya pili dondosha bariamu kloridi: weupe mzito maana yake umepitiliza sulfuriki, ongeza laktati kidogo. Ukungu hafifu katika zote mbili ndio unaoutaka, kwa sababu jasi yenyewe huyeyuka kama gramu 2 kwa lita na haiwezi kutoweka kabisa. Osha keki kwa maji ya moto mara mbili na uyatumie maji hayo kuyeyushia asidi ya kundi lijalo.

Zile gramu 2 ndizo zinazofanya resini iwe ya lazima. Ukivukiza bila kuziondoa, jasi itajenga gamba kwenye mirija ya kivukizi. Pitisha kwanza mkaa amilifu, kilo 0.5 hadi 1 kwa kila kilo 100 za asidi, nyuzijoto 60 hadi 70, dakika 30 hadi 60. Kisha resini ya kushika kalsiamu, halafu ile ya kushika salfeti.

Mwisho vukiza kwa vakumu ya bar 0.1 hadi 0.2, ili mchemko ubaki karibu na nyuzijoto 60. Mirija iwe ya chuma cha pua cha daraja la 316L. Daraja la 304 huliwa na asidi ya moto, na madini ya chuma yanayotoka huipa rangi ya manjano ambayo mkaa hauiondoi.

Swali: Kilo 90 za asidi zinatuachia jasi karibu kilo hizohizo. Hakuna njia nyingine? (Huyohuyo wa zamu)

Jibu: Kilo 86 ikiwa kavu, na zaidi ikiwa na maji. Kwenye tani moja ya asidi ni karibu tani moja ya jasi, na hili ndilo tatizo kubwa la njia hii. Ikioshwa vizuri, jasi yaweza kukubaliwa na viwanda vya saruji au kwenye udongo wenye chumvi ya sodiamu nyingi, lakini ikiwa na uchafu wa protini hakuna anayeitaka.

Njia mbadala zipo. Ukitumia soda kali, sodiamu laktati inaweza kupitishwa kwenye elektrodayalisisi yenye tando za pande mbili, ambako umeme huigawa kuwa asidi upande mmoja na soda upande mwingine, na soda inarudi tangini. Hakuna jasi, ila tando ni ghali na kalsiamu kidogo tu huziharibu, kwa hiyo maji yalainishwe kwanza. Njia ya pili ni kuifanya asidi iwe esta, yaani kuiunganisha na pombe kama methanoli au ethanoli, kuikeneka, kisha kuivunja kwa maji. Inatoa asidi safi sana, na inahitaji mitambo ya kiwango kikubwa. Ya tatu ni hamira zilizobadilishwa jeni ili zivumilie pH ya chini na kuhitaji chokaa kidogo. Kwa tangi la lita 1,000, ushauri wetu ni kubaki na chokaa na kutafuta mnunuzi wa jasi kabla ya kuwasha moto. Na kama mnunuzi wako anakubali kalsiamu laktati yenyewe, iache igande, ichuje, iuze. Utaruka asidi ya sulfuriki yote.

Swali: Hati ya muuzaji inasema 88%, titresheni yetu inasema chini sana. Tumedanganywa? (Mkaguzi wa ubora)

Jibu: Si lazima. Asidi ya laktiki ikikolezwa, molekuli zake huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kutoa maji. Mnyororo wa molekuli mbili una kichwa kimoja tu cha asidi, kwa hiyo soda inahesabu moja mahali penye mbili.

Pima hivi. Chukua gramu 2.5 za asidi, tia mililita 50 za soda ya 1 M, chemsha dakika 20 ili minyororo ikatike, kisha rudisha ziada ya soda kwa asidi ya sulfuriki ya 0.5 M ukitumia fenolfthalini kama kiashiria cha rangi. Ikitumika mililita 26 kurudisha, soda iliyofanya kazi ni mililita 24. Zidisha kwa 0.09008 upate gramu 2.16, ambayo ni 86.5% ya sampuli. Fanya kipimo kitupu pia, yaani bila sampuli, kwa sababu soda inayochemka hunyonya hewa ukaa. Ukihitaji asidi iliyo huru kwa kazi ya maabara, iyeyushe hadi 20% hivi na uichemshe saa kadhaa kwa kirudishio cha mvuke, minyororo hufunguka.

Swali: Je, kuna hatari kwa wafanyakazi? Ni asidi ya maziwa tu. (Meneja)

Jibu: Ile ya 80% huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Miwani ya kufunika, glavu na bomba la kuoshea macho viwe hatua chache kutoka kwenye kazi. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini ya tangi lililomwagwa na haina harufu. Asiingie mtu tangini kusugua kitako mpaka feni imepuliza hewa safi ndani na kipima oksijeni kilichoshushwa hadi chini kimeonyesha angalau 19.5%, naye awe amefungwa kamba, na mwenzake amesimama mlangoni muda wote. Mwenzake huyo asiruke ndani akimwona ameanguka, avute kamba.